Hutasikia Kitu

Mwaka 1999 nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanawake katika hospitali moja ya pwani ya Tanzania. Zamu ya usiku tulikuwa wawili kwa vitanda 30. Usiku mmoja nilipita kumwandaa mama wa makamo ambaye asubuhi yake alikuwa anatolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Kumwandaa kwa maana tuliyofundishwa chuoni: fomu imetiwa sahihi, damu ya akiba ipo, presha imeandikwa, hereni na pete zimevuliwa, ameambiwa asile wala asinywe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, itaniuma vipi?"

"Usiogope, mama," nikamjibu huku nikiandika. "Utapewa nusukaputi, utalala. Hutasikia kitu."

Nilisema kweli. Kesho yake alilala, hakusikia kitu, na upasuaji ukaenda salama. Keshokutwa yake nilimkuta amelala chali, amekunja ngumi, miguu imekakamaa kama ya mtu anayevuka mto kwa gogo moja. Nikamwambia kile tulichokuwa tukimwambia kila mtu: "Jikaze, mama." Akageuza macho tu, kichwa hakukisogeza. "Si wewe uliyeniambia sitasikia kitu?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa sindano yake ya maumivu iliyokuwa imechelewa, nikaenda kitanda kinachofuata.

Siku ya nne akapata homa. Tangu atoke thieta hakuwa amekohoa hata mara moja, maana kila alipojaribu aliona kama mshono unaachia. Hakuwa amevuta pumzi ya kushiba. Hakuwa amegeuka. Makohozi yakakaa kifuani, nimonia ikaingia. Alipona, lakini alikaa nasi wiki tatu badala ya moja, na binti yake aliyekuwa akija na uji kila asubuhi akapoteza kibarua chake. Alipoondoka alituaga wote wodini, mmoja mmoja. Mimi alinipita.

Kwa miaka mingi nililiweka tukio hilo kwenye fungu la bahati mbaya. Nimonia baada ya upasuaji hutokea. Vitabu vinasema hivyo. Nilikuja kulitazama upya niliporudi masomoni nikiwa mtu mzima, mwalimu mmoja alipotugawia nakala ya makala ya kurasa tatu, ya mwaka 1964, kutoka Boston, Marekani. Niliisoma ndani ya daladala. Nikapitiliza kituo changu.

Lakini siwezi kuieleza makala hiyo bila kwanza kueleza sentensi yangu ilikotoka, kwa sababu "hutasikia kitu" ina tarehe ya kuzaliwa. Ni Ijumaa, 16 Oktoba 1846. Mahali ni Massachusetts General Hospital, Boston, katika ukumbi wa upasuaji ulio juu kabisa ya jengo, chini ya kuba la paa. Daktari wa meno aitwaye William Morton alimvutisha etha kijana Edward Gilbert Abbott, aliyekuwa na uvimbe shingoni, na daktari mpasuaji John Collins Warren akakata. Abbott hakupiga kelele. Baadaye alisema alihisi kama mtu anayekwaruzwa shingo. Habari ilivuka bahari kwa meli, na kabla mwaka haujaisha etha ilikuwa imeshatumika London.

Kabla ya siku hiyo ilikuwa nadra sana daktari mpasuaji kuweza kumwambia mgonjwa maneno yangu bila kumdanganya waziwazi. Kwa hiyo baadhi yao walisema ukweli. Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa Fanny Burney, mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyekuwa akiishi Paris na mumewe Mfaransa. Tarehe 30 Septemba 1811 alikatwa titi nyumbani kwake akiwa macho. Aliyeshika kisu alikuwa Dominique Jean Larrey, daktari maarufu wa majeshi ya Napoleon. Burney alipewa kinywaji chenye mvinyo na kitambaa cha kufunika uso, chepesi kiasi kwamba aliona mng'aro wa chuma kupitia kitambaa hicho. Miezi ikapita kabla hajamaliza barua ndefu ya kumsimulia dada yake. Katika barua hiyo anaeleza kwamba madaktari walikuwa wamemwambia mapema kuwa atateseka, na atateseka sana. Mmoja wao alimsihi alie, asijizuie, maana kujizuia kungeweza kumdhuru.

Niliposoma hapo niliifunga barua kwa muda. Mwaka 1811, mtu ambaye hakuwa na hata tone la dawa ya usingizi alimwambia mgonjwa wake alie. Mimi nilikuwa na pethidini kabatini na nikasema jikaze.

Sitaki kuwapamba wale madaktari. Siku ya upasuaji walimficha Burney hadi asubuhi ileile, akabaki na saa chache tu za kujiandaa. Wala sitaki mtu adhani ninaitamani enzi ya visu bila usingizi; ningependa kumwona anayeitamani akikaa zamu moja tu katika thieta iliyoishiwa dawa. Burney aliishi hadi 1840, akafa na miaka 87, na hadi alipoandika ile barua alikuwa bado haiwezi kumbukumbu ya siku hiyo.

Ninachosema ni kwamba etha iliondoa kelele, na pamoja na kelele, kwa maoni yangu, ikaondoa mazungumzo. Mgonjwa aliyelala huhitaji kumwomba atulie. Huhitaji kumweleza utakata wapi wala itachukua muda gani. Maumivu yakagawanyika mara mbili: ya mezani, ambayo sayansi imeyashinda na kila mtu anayataja, na ya kitandani, ambayo yaliachiwa wauguzi, sindano na ujasiri wa mtu mwenyewe. Swali la mama yule lilikuwa la kitandani. Mimi nilimjibu la mezani.

Miaka karibu mia moja baada ya Abbott, mkuu wa idara ya usingizi ya hospitali ileile ya Boston, Henry Beecher, alikwenda vitani Italia na jeshi la Marekani. Huko aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya, mifupa imevunjika, matumbo yamepasuliwa na vipande vya makombora, kama wanasikia maumivu na kama wanataka dawa. Mwaka 1946 alichapisha majibu ya askari 215. Robo tatu kati yao hawakuwa na maumivu makali kiasi cha kutaka dawa. Na haikuwa kwamba miili yao imekufa ganzi. Askari huyohuyo anayesema kidonda hakimwumi alilalamika kama mtu yeyote akichomwa vibaya sindano ya mshipa. Mwaka 1956 Beecher aliwalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji hospitalini. Waliotaka dawa walikuwa asilimia 32 ya askari, na asilimia 83 ya raia. Maelezo yake yalikuwa kwamba kwa askari kidonda kilimaanisha tiketi ya kurudi nyumbani hai, na kwa raia kilimaanisha mwanzo wa balaa.

Huu ndio msingi wa mengine yote. Ukubwa wa kidonda na ukubwa wa maumivu si kitu kimoja, na katikati yao imekaa maana ambayo mgonjwa anakipa kile kinachomtokea. Nilikuwa nikiona jambo hilo wodini kila wiki bila kulijua jina. Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji, mtoto yupo kifuani, anasimama siku ya pili. Jirani yake aliyekatwa kwa kiasi kilekile, lakini hajaambiwa uvimbe wake ni wa aina gani, hawezi hata kukaa.

Idara ya Beecher ndiyo iliyomlea Lawrence Egbert, daktari wa usingizi. Mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ile ziara fupi ambayo daktari wa usingizi hupaswa kuifanya kitandani siku moja kabla ya upasuaji. Wagonjwa waliopewa dawa ya kuwatuliza bila kuzungumza na mtu walisinzia, lakini hofu yao ikabaki palepale. Waliozungumza na daktari walifika thieta wakiwa watulivu zaidi.

Mwaka uliofuata ikatoka ile makala iliyonipitisha kituo. Wagonjwa 97 waliopangiwa upasuaji wa tumbo, wote walitembelewa na daktari wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji. Wote waliambiwa saa ya kwenda thieta, namna watakavyolazwa usingizi, na kwamba watazindukia katika chumba cha uangalizi. Kwa 51 kati yao mazungumzo yaliishia hapo. Habari ya maumivu ya baadaye haikutajwa kabisa. Kwa hao 51, kama kwa wagonjwa wangu, kimya ndicho kilichokuwa huduma ya kawaida.

Wale 46 waliobaki waliongezewa dakika chache. Daktari aliwaambia kwamba wakizinduka wataumwa. Aliwaonyesha wataumwa wapi, makali yake yatakuwaje, yatachukua muda gani, na kwamba kuumwa baada ya kupasuliwa tumbo ni jambo la kawaida, si dalili ya kuharibika kwa kitu. Akawaeleza kuwa sehemu kubwa ya maumivu hayo hutoka kwenye misuli iliyo chini ya kidonda inapojikaza, na kwamba wao wenyewe wanaweza kuilegeza. Akawafundisha kuvuta pumzi ndefu polepole. Akawaonyesha chuma kilichoning'inizwa juu ya kitanda cha kujivutia kwa mikono, na namna ya kugeuka kwa kusaidiwa na mikono na miguu ili tumbo lipumzike. Akamalizia kwa kusema: ukijaribu haya na bado huna nafuu, omba dawa. Baada ya upasuaji alirudi, akarudia maneno yaleyale, na akaendelea kurudi hadi mgonjwa asihitaji tena dawa kali.

Madaktari wapasuaji hawakujua nani yuko kundi gani. Waliofundishwa walihitaji nusu tu ya morfini na dawa za jamii yake. Na madaktari haohao wasiojua waliwaruhusu kwenda nyumbani wastani wa siku 2.7 mapema kuliko wenzao.

Kilichonipitisha kituo si hizo namba. Ni ule msitari wa misuli. Ilegeze.

Chukua neno letu ulitazame kama fundi anavyotazama kifaa chake. Kukaza: unakaza kamba, unakaza skrubu, unakaza mkanda. Jikaze ni kujifanya wewe mwenyewe kamba na skrubu. Wodini tuliongeza na utani, jikaze kisabuni, mgonjwa akacheka kidogo na kushika tumbo kwa maumivu. Tulikuwa tunampa mtu aliyeshonwa tumbo maelekezo kamili ya namna ya kuumwa zaidi. Mama yule hakuwa mwoga wala mkaidi. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alifanya nilichomwambia, mpaka kwenye vidole vya miguu.

Neno lenyewe sililaumu, lina kwao. Katika jamii nyingi za kwetu kijana wa jando alitazamwa usoni wakati kisu kinapita, na kope ikicheza ukoo mzima uliona aibu. Ila watu wanasahau kwamba hata huko neno hilo halikuwa peke yake. Mwali wa pwani ana somo au kungwi wake anayekaa naye na kumweleza mwili wake utapitia nini, na anaelezwa kabla ya jambo, si baada. Hospitali ilichukua jikaze ikaacha ufundaji. Chuoni nilifundishwa vizuri sana kuhesabu mapigo ya moyo.

Ningependa kusema kwamba baada ya 1964 dunia ilibadilika. Haikubadilika kwa kasi hiyo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia yao ya lango, kwamba uti wa mgongo una namna ya kuzuia au kupitisha ujumbe wa maumivu na kwamba ubongo una sauti katika kulifungua na kulifunga lango hilo. Kuanzia hapo matokeo ya Egbert hayakuonekana tena kama mazingaombwe. Kabla yake, mwaka 1958, mwanasaikolojia Irving Janis alikuwa ameandika kuhusu wagonjwa wa upasuaji wasiokuwa na hofu yoyote kabla, kwa kuwa hakuna aliyewapa sababu ya kujiandaa. Maumivu yalipokuja walikasirika, wakawaona wahudumu kuwa wamewasaliti. Utafiti wa baadaye haukuunga mkono nadharia nzima ya Janis, ambayo ilidai kuwa hofu ya kiasi ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini hasira ile mimi niliwahi kutazamwa nayo machoni, kwa hiyo kipande hicho nakiamini.

Sasa upande wa pili, maana nimeshawahi kusikia wenzangu wakiuza jambo hili kama dawa ya mitishamba ya stendi, inayotibu magonjwa 40. Mwaka 2016 watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti 105 zenye wagonjwa 10,302 waliotayarishwa kwa namna mbalimbali kabla ya upasuaji. Waliona kwamba utayarishaji huenda ukapunguza maumivu na hofu, na kufupisha kukaa hospitalini kwa takriban nusu siku. Nusu siku, si 2.7. Tena wakasema ubora wa ushahidi ni hafifu. Sehemu ya tofauti hiyo nadhani inatokana na ukweli kwamba siku hizi hospitali za nchi tajiri humruhusu mgonjwa mapema mno hata asipofundishwa. Hakuna tena siku 3 za kuokoa. Sehemu nyingine ni kwamba tafiti za kwanza huwa na bahati.

Kuna utafiti mwingine ambao naupenda kwa sababu unakataa kunifurahisha. Mwaka 2014 Adriaan Louw na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 67 waliopasuliwa kiuno kwa ajili ya neva zilizobanwa. Nusu yao walipata, kabla ya upasuaji, somo moja kuhusu namna neva na ubongo vinavyotengeneza maumivu. Elimu yenyewe ilikuwa imeshabadilika tangu Egbert. Habari haikuwa tena misuli tu, ilikuwa mfumo wa fahamu unaoweza kubaki na king'ora kinalia hata moto ukishazimwa. Baada ya mwaka mmoja, maumivu ya makundi mawili yalikuwa sawa. Hata uwezo wa kufanya kazi ulikuwa sawa. Lakini waliofundishwa waliuona upasuaji wao kuwa ulikwenda vizuri zaidi, na walikuwa wametumia fedha pungufu kwa asilimia 45 katika matibabu yaliyofuata. Waliumwa kama wenzao, ila hawakukimbilia hospitali kila walipoumwa, maana walijua kinachowauma ni nini.

Hapo mtu mwenye bajeti anaweza kushangilia: basi tuwape maneno, dawa tubane. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu kwetu dawa tayari ni haba. Egbert hakuwaambia wagonjwa wake waache kuomba dawa, aliwaambia waombe. Tena walikuwa na pa kuiomba. Jirani zetu Uganda waliliona tatizo upande wa pili: mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda na morfini ya maji inayonyweka, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Walianza na wagonjwa wa saratani, si wa upasuaji, lakini somo ni lilelile. Mgonjwa niliyemweleza vizuri namna ya kulegeza tumbo halafu nikamnyima sindano, huyo nimemdanganya kwa ustadi zaidi kuliko yule wa 1999.

Siku hizi nina nafasi katika kliniki ya kabla ya upasuaji, na benchi moja refu. Wanakaa watano watano. Chuma cha kujivutia hatuna. Nawafundisha kwa kitanda cha kupimia: kunja magoti, geuka ubavu mabega na nyonga kwa pamoja, teremsha miguu, jisukume kwa kiwiko. Kwa kukohoa natumia kanga. Unaikunja mara nne, unaiweka juu ya kidonda, unaikandamiza kwa viganja vyote viwili, halafu ndipo unakohoa. Nawaonyesha kwa vitendo, na kila mara kuna mmoja anayecheka. Kisha nawaambia ile sentensi ya zamani, kwa sababu wanaitaka na ni ya kweli: thieta hutasikia kitu. Halafu naongeza ya pili: ukizinduka utasikia. Naonyesha wapi. Baadhi huinama. Mzee mmoja aliinuka akaondoka, akarudi baada ya nusu saa akaniambia nianze tena.

Miezi michache iliyopita nilipanda wodini kumtafuta mgonjwa, nikamkuta mama mmoja wa siku ya tano, wa henia, amekaa kitandani kwa jirani aliyelazwa jioni ile. Kanga iko mkononi, imekunjwa mara nne. Alikuwa anamfundisha.

"Siku ya tatu ndiyo mbaya," nikamsikia akisema.

Nilimsahihisha. Nikasema mimi huwa nawaambia ni ya kwanza na ya pili.

"Ya kwanza na ya pili uliniambia, sista, nikazisubiri, zikaja, zikapita," akasema. "Ya tatu hukusema kitu. Gesi! Tumbo limejaa kama ngoma, huku nimeshonwa. Nikadhani sasa kimeachia ndani, nakufa. Mpaka upepo ulipotoka."

Yule mgeni akaniangalia kuona kama ni kweli. Ni kweli, utumbo hulala baada ya upasuaji, na unapoamka gesi husumbua. Nimelijua hilo miaka yote, na sijui kwa nini sikuwahi kulisema. Labda aibu ya kutaja upepo mbele ya watu wazima. Nikawaambia kinachosaidia ni kutembea, hata kama ni mpaka dirishani na kurudi, na wasione haya.

"Haya mwandike, sista," akasema yule mama, "na usifiche."

Nikatoa kalamu.